Boshori ya Uzi Mweusi

Kawangware,
14 Januari 2025

Mjomba Shivachi,

Ule mluzi wako wa tatu bado haujanitoka. Siku ulipoondoka ulisimama kando ya gari la Kabiru, mimi nikiwa ng'ambo ya barabara nimezuiwa na mikokoteni. Ukapiga mluzi kama ulivyokuwa ukiniita jioni nilipokuwa mtoto Mashimoni, mmoja mrefu, nami nikajibu kwa miwili mifupi kama ulivyonifundisha. Ukapiga tena. Nikajibu tena. Ukapiga wa tatu kwa nguvu, huku ukitazama upande ambao sikuwepo, halafu ukaingia garini. Zamani hukuwahi kuhitaji wa tatu, hata nilipokuwa nimepotelea kucheza kule mtaa wa Raila. Nilijiambia ni kelele za barabara.

Mama anakusalimu. Kikohozi kimemwachia na amerudi kuuza omena na sukuma wiki pale karibu na bomba la maji. Mwenye nyumba hajarekebisha lile bati, kwa hiyo mvua ikinyesha sufuria yako ya ugali ndiyo inayokinga. Kanisani waliuliza kwa nini hukukaa nasi siku zaidi baada ya Krismasi, Mama akawaambia mlima haujui sikukuu. Mimi nimehamia chumba kidogo huku Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, karibu na karakana yetu ya kufuma. Usiku kuna utulivu kuliko Mashimoni, na bado sijauzoea.

Sasa jambo lenyewe. Mimi na Mercyline tumeacha kufuma sweta za shule. Tunataka kufuma boshori, kofia za sufu za kuvuta mpaka masikioni, za watu wanaopanda milima na kulala kwenye hema. Kuna duka moja la vifaa vya kambi ambalo limekubali kuziangalia kabla ya msimu wa Agosti, ila wanataka ziwe zimevaliwa mlimani kweli, na sisi tuseme bila kuficha kila moja inaweza nini na inashindwa wapi. Chuoni nilifundishwa kupima jinsi joto linavyotoka kwenye kitambaa, lakini kule kulikuwa na mashine. Huku tunatumia chumba cha baridi cha mfanyabiashara mmoja wa kuku. Ananiruhusu kuingia asubuhi kabla ya wateja, nakaa humo na boshori kichwani mpaka vidole vife ganzi. Vijana wake wameshaniona kichekesho. Jana mmoja alinifungulia mlango akasema, "Ingia dada, kuku wamekuulizia."

Ila mle ndani hakuna upepo wala ukungu, na hakuna mtu anayetembea na mzigo mgongoni akitoka jasho kisha akasimama ghafla kwenye baridi. Ndiyo maana nakutumia hizi tatu. Ndani ya ukingo wa kila moja nimepitisha uzi wa rangi: nyekundu, kijani na buluu. Wagawie wapagazi wenzako, kila mtu moja. Wazivae mchana, walale nazo, kisha mzirudishe bila kuzifua, maana nataka kuona jasho limekwenda wapi. Niandikie: Mtu akikaa tu, joto linabaki? Upepo unapita? Ikilowa, inakauka upesi? Na la nne, mtu akiivuta ikafunika masikio kisha akaitwa kutoka nyuma, anasikia? Hilo la mwisho usilione dogo. Watu wengi hufunua masikio ili wawasikie wenzao, na baridi huwaingilia hapo.

Ulisema simu yako ilianguka mtoni na hutaki nyingine kwa sababu huko hakuna mtandao. Basi tutaandikiana. Kabiru anapeleka vyakula kwenye geti la mlima kila mara, atakuwa posta yetu.

Mpwa wako,
Jael


Kambi ya juu,
9 Februari 2025

Mirembe Jael, mtoto wa dada yangu Kageha,

Mzigo umefika na ulikuwa na harufu ya kuku. Wenzangu walidhani nimetumiwa chakula, wakakusanyika, halafu wakaona ni kofia. Wamekusamehe.

Huku ni salama. Maji ya beseni asubuhi tunavunja na jiwe ndio tuoshe uso. Mguu wangu ule wa kulia umenyamaza. Mwambie mama yako awache kulala karibu na huo ukuta unaovuja, na anywe tangawizi. Huyo mwenye nyumba nikikuja tutaongea na yeye.

Sasa kwa hii kazi yako ya kugawa, umenitia kwa shida. Nilimpa Mbithi ile ya uzi wa kijani. Mbithi ndiye tunalala hema moja, kijana wa Machakos, mdomo mrefu. Akaniuliza, "Mzee, na ikirudi Nairobi inarudi na nywele yangu?"

Nikamwambia, "Ndio, anataka kuchunguza jasho."

"Anachunguza jasho ama ananichunguza mimi?"

"Yeye ni msichana wa chuo, hana haja na wewe."

"Wale wa chuo ndio wabaya. Wanajua kusoma."

Wakacheka wote, lakini hakuna mtu aliichukua. Na mimi siwalaumu. Wewe umesoma lakini pia unajua kwetu mtu akinyolewa kwa matanga nywele haiachwi ovyo ipeperuke. Jasho ya kichwa cha mtu na nywele yake kupewa mtu hajawahi kumuona, hapana. Walisema watavaa kama wataruhusiwa kufua kwanza kabla ya kurudisha, na wewe ulisema zisifuliwe. Kwa hivyo nimezivaa zote mimi mwenyewe, moja baada ya nyingine. Jasho yangu unaijua, haina neno.

Nyekundu: upepo unaingia mbele na kutokea nyuma. Ni ya kwenda kanisani. Kijani: ina joto, lakini ikilowa ni kama kubeba taulo ya maji, na haikauki. Buluu, hiyo yenye manyoya laini ndani: hiyo ni kofia. Nililala kama mtoto. Inawasha kidogo kwa paji la uso, shona kitambaa hapo.

Kusikia: nyekundu vizuri. Kijani vizuri. Buluu vizuri.

Usijisumbue na simu. Barua ni nzuri, naisoma mara nyingi.

Mjomba wako,
Shivachi


Kawangware,
2 Machi 2025

Mjomba,

Nimezipokea. Kwenye ile ya buluu nilikuta nywele zako zimeshika kwenye manyoya, nyeupe zaidi ya nilivyozikumbuka. Nilizikusanya nikazifunga kwenye karatasi. Usiwe na wasiwasi, Mama amezichukua.

Mama hajambo. Ameanza kunywa tangawizi kwa sababu ni wewe uliyesema, mimi nilimwambia mwezi mzima. Mercyline ameshona kitambaa cha pamba kwenye paji na haiwashi tena. Amesema nikwambie kwamba wewe ndiye fundi wa tatu wa karakana hii, asiyelipwa.

Majibu yako ya joto, upepo na maji yamenisaidia kuliko chumba cha kuku. Yamepishana kama yalivyopaswa kupishana. Uzi mwembamba umepitisha upepo, ule wa dukani umebeba maji, sufu yenye bitana imeshinda zote. Nimeyasoma mara kadhaa nikifurahi. Halafu nikafika kwenye kusikia.

Jana niliivaa ile ya buluu nikaivuta chini. Mercyline alisimama nyuma yangu akaniita kwa jina. Nilimsikia kama mtu aliye nyumba ya tatu. Nikiwa na ile nyekundu nilimsikia karibu kabisa. Wewe umeandika neno moja kwa zote. Labda huko kuna kimya kingi na kila sauti husikika. Labda ulikuwa umechoka ulipofika hapo. Nakuomba, jaribu tena zile zile, nimezirudisha kwenye kifurushi hiki. Mwambie Mbithi akae nyuma yako akuite kwa sauti ya kawaida, umevaa na hujavaa.

Nimeweka pia kabambe. Ni simu ya vitufe tu, betri yake inakaa wiki. Kabiru ananiambia kwamba pale getini mtandao upo, na wapagazi wote hupiga simu nyumbani wakishuka. Ukishuka, nipigie. Nataka tu kusikia sauti yako.

Nilimuuliza Mama kuhusu redio wakati wa Krismasi, siku ile majirani walipogonga bati wakitaka uipunguze. Nilimuuliza kama umekuwa ukiiweka juu hivyo siku zote. Alinitazama, akasema omena imepanda bei.

Jael


Kambi ya chini,
11 Mei 2025

Mirembe Jael,

Barua yako ilifika zamani na nimechelewa. Mvua ilikata njia, wageni wakapungua, Kabiru akawa haji. Tulikaa hapa tukicheza karata na kukausha viatu. Usidhani nilikataa kuandika.

Poleni na mafuriko. Tulisikia maji iliingia nyumba za chini karibu na mto. Kabiru amesema Mashimoni kwenu ilipita salama. Nimeshukuru Mungu kwa magoti. Mwambie mama yako nimeota yeye akiwa msichana, anachota maji kijijini, ananikataza nisimfuate.

Kabambe nimeirudisha, iko ndani ya buluu. Ni simu nzuri lakini huku haina kazi. Pale getini kuna upepo na watu wanapiga kelele, mtu hawezi kuongea maneno ya maana. Mpe mama yako.

Boshori nimejaribu tena. Ni vilevile. Nyekundu vizuri, buluu vizuri. Hii swali umeuliza mara mbili sasa, na mimi ni mtu mzima.

Nikuambie kitu cha kucheka. Kabla ya Pasaka tulikuwa tunateremka na mizigo, ukungu umeshuka mpaka hauoni kiatu chako. Jiwe likaachia juu huko. Mimi nilikuwa nawaza mambo ya mashamba, sijui nini, na Mbithi akanirukia kama mbuzi, tukaanguka wote kwa nyasi. Jiwe likapita. Sufuria ya wageni ikawa kama chapati. Tulicheka sana. Kiragu, yule kiongozi wetu, akasema mzee Shivachi ameanza kulala akitembea.

Nyama tuliyokula Pasaka ilikuwa ngumu.

Shivachi


Kawangware,
8 Juni 2025

Mjomba,

Mama amefurahia kabambe. Anaipiga kila jioni kwa shangazi kijijini na wanagombana kwa muda mrefu. Alicheka kuhusu ndoto, akasema ni kweli alikukataza, kwa sababu ulikuwa ukimwaga maji yote njiani.

Baridi ya Juni imefika hata huku. Asubuhi watu wa Kawangware wanatembea na boshori za mtumba zilizotoboka na naviangalia vichwa vyao kama mtu mwenye kichaa. Mercyline ananivuta mkono. Duka limesema litapokea boshori zetu mwishoni mwa Julai.

Kabiru alipoleta kifurushi alikaa kunywa chai karakanani. Nilimuuliza habari za Mbithi, kwa sababu nilitaka kumtumia boshori ya kwake kabisa, isiyorudi. Akasema Mbithi yuko kwao Machakos tangu Pasaka na mkono umefungwa. Nikasema, "Mjomba aliandika kwamba walicheka." Kabiru akakoroga chai yake, na sukari ilikuwa imeshayeyuka.

Akasema, "Si unajua mzee. Yeye hucheka."

Hukuandika kuhusu mkono. Siulizi kwa nini.

Nakutumia boshori moja tu safari hii, yenye uzi mweusi. Ni ya upepo wa Julai. Inafunika masikio mpaka shingoni na nimeijaza zaidi pale masikioni. Ivae mchana mmoja na usiku mmoja. Kuhusu joto unaweza kuandika au usiandike. Nataka jibu la kusikia tu. Mjomba, nakuomba ujibu hilo ukiwa peke yako, bila haraka.

Jael


Kambi ya juu,
13 Julai 2025

Mirembe Jael,

Ya uzi mweusi imefika na nimeivaa. Hiyo ni baba yao. Upepo wa hapa unaweza kung'oa kucha lakini kichwa changu kilikuwa kama kiko jikoni kwa mama yako. Nilikaa nje usiku nikiangalia nyota mpaka Kiragu akanishika bega akaniuliza kama nimegombana na hema.

Kusikia: nasikia vilevile. Hakuna tofauti. Uiuze.

Umenisumbua na hii swali na sijakasirika, nakuambia tu mambo ya huku ndio uelewe. Mlima si kama mjini. Kule Mashimoni mtu lazima ajibu kila saa. Huyu anauliza maji, huyu anauliza kodi, mtoto analia, redio tatu zinaongea pamoja. Nikikaa na watu pale siku hizi nachoka kichwa, nacheka wakicheka. Huku tunatembea kwa mstari. Unaangalia visigino vya yule yuko mbele, akisimama unasimama. Mtu akitaka kitu anakugusa. Hakuna maneno mengi, na hakuna mtu anayesema yale kidogo uliyosema umeyasema vibaya. Huku mimi bado ni Mzee Shivachi. Wageni wanapiga picha na mimi. Nimebeba mizigo hapa tangu wewe ukiwa darasa la pili, na hakuna mfuko wa mgeni hata mmoja umewahi kupotea mkononi mwangu.

Mkono wa Mbithi utapona, ni mfupa mdogo. Mambo ya Mbithi usimwandikie mtu. Kuna kazi za watu hapa.

Habari njema nimeweka mwisho. Katikati ya Agosti kunakuja wanafunzi wa chuo, kundi kubwa, wengi hawajawahi kuona mlima. Kiragu amenipa kazi ya mtu wa mwisho. Mtu wa mwisho ndiye anatembea nyuma ya wote, akichoka mtu, akiteleza, akiita, yule wa mwisho ndiye anakuwa naye. Hiyo kazi hupewa mtu anayeaminika. Mwambie mama yako.

Mjomba wako,
Shivachi


Kawangware,
3 Agosti 2025

Mjomba Shivachi,

Mama hajambo, nami sijambo. Duka limechukua boshori zetu za buluu. Haya nayaandika kwanza kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha kuandika barua, salamu kabla ya mzigo. Sasa mzigo.

Boshori ya uzi mweusi haiuzwi. Niliishona moja tu. Juu ya kila sikio niliweka tabaka mbili za sufu iliyobanwa, na katikati yake sponji. Kabla ya kukutumia niliivaa, nikakaa kwenye mashine, na Mercyline akasimama nyuma yangu akagonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko. Niliendelea kuhesabu safu zangu. Alipokuja mbele nikamuuliza ataanza lini. Mercyline anapenda mzaha, lakini hakucheka. Aliweka kifuniko chini akasema, "Jael, hii si ya kumtumia mtu mzima. Muulize tu." Nikamwambia nimeuliza mara mbili.

Kwa hiyo niliituma. Ulijibu kwamba unasikia vilevile, na najua hukunidanganya. Ukiwa na boshori au bila boshori, kwako ni kitu kimoja. Nilikaa na jibu hilo kwenye chumba cha kuku, mahali pekee ambapo hakuna mtu angeniuliza nina nini. Nikayapanga yote tangu mwanzo: mluzi wa tatu, redio ya Krismasi, simu iliyoanguka mtoni kisha nyingine ikarudishwa, jiwe. Nikafikiria kwamba Mbithi na wenzake wangekubali tu kuvaa zile boshori za kwanza, ningekuwa na majibu ya vichwa vingi na jibu lako lingepotea katikati yao. Walikataa kunipa nywele zao, nikabaki na masikio yako peke yake.

Jumapili iliyopita nilikwenda Mashimoni baada ya ibada. Mama alikuwa akipepeta omena. Nilimsomea barua yako ya Julai, ile sehemu ya mstari na visigino. Alipepeta mpaka nikamaliza.

Nikamwambia, "Mama, mjomba hasikii."

Akasema, "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi. Nilimwangushia sinia nyuma yake, hakushtuka. Nikaokota, nikanyamaza."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Kiragu? Wewe umesoma, unadhani kitu kikijulikana kimepona." Kisha akaweka ungo chini. "Shivachi akishuka huo mlima atakuwa nani, Jael? Atakuwa mzee wa kukaa hapo kwa bomba, anangoja mtu amwongeleshe, na watoto wanamtolea ulimi kwa nyuma. Ni ndugu yangu. Alibeba mizigo ya watu ndio wewe ukajua hizo kalamu. Muache na mlima wake."

Kila alilosema ni kweli. Karo yangu ilitoka mgongoni mwako. Viatu vyangu vya kwanza vya ngozi ulivileta kwenye gunia la viazi. Nimejifunza kupima baridi kwa sababu mwaka mmoja ulirudi na ncha ya sikio la kushoto imekufa, nyeusi, nawe ukaniambia ni panya amekuuma. Nilikuwa mtoto lakini sikuamini kuhusu panya. Tangu siku hiyo nilitaka kutengeneza kitu cha kufunika masikio yako.

Lakini umeandika kwamba utakuwa mtu wa mwisho. Nimejaribu kuisoma habari hiyo kama ulivyotaka niisome, kama heshima, na ni heshima. Kisha namwona msichana wa umri wangu nyuma kabisa ya mstari, mguu umeteleza kwenye ukungu, anaita. Ameambiwa kwamba aliye nyuma ndiye atakayemsikia. Anaita, halafu anaita tena, halafu mara ya tatu kwa nguvu. Mjomba, mimi najua ilivyo kujibu mluzi na mpigaji asigeuke. Nilikuwa ng'ambo ya barabara tu, na mchana.

Namwona pia Mbithi, ambaye safari hiyo hatakuwepo wa kukurukia.

Jumatatu nilimwomba Kabiru namba ya Kiragu. Jumanne Kiragu alikuwa getini na nikampigia. Sikuzunguka. Nilimwambia mjomba wangu hasikii, nikamweleza nimejuaje, na kwamba asimpe kazi ya mtu wa mwisho. Halafu akasema, "Unajua, sisi wote humgusa bega kabla ya kumwongelesha. Nilikuja nikakuta wanafanya hivyo. Nilidhani ni heshima." Akasema atakutoa kwenye mstari. Akasema hawezi kuahidi kazi nyingine, labda jikoni pale getini, labda hakuna. Sikumsihi. Niliogopa kwamba nikimsihi nitaanza kupunguza nilichokwisha kusema.

Ulinikataza nisimwandikie mtu. Nimefanya zaidi ya kuandika, na nimefanya bila kukuuliza, kwa sababu ningekuuliza ungejibu ni vilevile. Ukinikasirikia nitavumilia. Ukiamua kutoniandikia tena, nitaendelea kuandika mimi, na Kabiru ataleta. Mama hajui bado. Nitamwambia leo jioni kabla hajampigia shangazi, na najua atanitazama vipi.

Hospitali moja huku ina watu wa masikio, nimekuandikisha kwa wiki ijayo. Labda kuna kitu wanaweza kufanya, labda muda umepita. Chumba changu kina kitanda kimoja na nimeazima godoro kwa Mercyline. Hakuna redio. Ukiongea nami nitakaa mbele yako, kwenye mwanga, na sitaharakisha maneno.

Sikukutumia boshori safari hii. Hii barua nimempa Kabiru mkononi, akukabidhi yeye mwenyewe na akae kando uisome. Unapoisoma hapo getini ameshashusha vyakula, na kiti cha mbele kiko wazi. Nimeshamwambia asigeuze gari bila wewe.

Jael